Sura ya Tano: Saa ya Chumba cha Kurekodia

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori, na kilichomponza ni kuongea kama mwanamke.

Afande alikuwa amekaa kwenye chumba cha kusikilizia cha Taasisi tangu asubuhi, hedifoni zimembana masikio na mguu mmoja umekufa ganzi. Sauti ile ilipoanza tu, akainua mkono juu kama trafiki. Akamwambia Mtunza Data arudishe nyuma kidogo, akasikiliza tena, na mashaka yote yakamtoka. Huyo alikuwa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake. Sauti hiyo imemgombeza kwa kuchelewa kula, kwa kuingia na viatu, kwa kuoa na kwa kuachana. Angeikosea vipi?

Shemeji mwenyewe alikuwa pembeni yake, hedifoni zake juu ya kitambaa cha kichwa. Mtaa mzima unamwita Fundi, kwa sababu ya nguo anazoshona. Alisikiliza amekunja uso, kisha mabega yakaanza kumcheza. Fundi akicheka siku hizi hasikiki, ila mabega hayafichi kitu. Alipotulia akachukua simu yake, akaandika kwa kidole kimoja, na simu ikamsemea kwa ile sauti yake ya debe:

"Shemeji. Huyo ni mwanamume."

Mtunza Data, msichana mpole mwenye miwani mikubwa, akainamia kompyuta ili asionekane anacheka. Afande akavua hedifoni polepole.

Ikabidi Fundi aeleze, na kueleza kwake huchukua muda, maana kila neno linaandikwa kwanza. Kwenye rekodi ile msemaji alisimulia alivyobeba magodoro kwenye lori lisilo na turubai, mvua ikamkuta njiani, magodoro yakanywa maji hadi lori likagoma kupanda mlima. Kisa hicho Fundi alishakisikia kwa masikio yake mwenyewe, kwenye benchi la nje ya chumba cha kurekodia, kutoka kwa dereva aliyekuwa anasubiri zamu. Lilikuwa jitu la miraba minne lenye sauti nzito. Kisa ni chake huyo, ila sauti si yake.

"Basi kesi imebadilika," alisema Afande. "Tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja aliyepotea. Kumbe wamepotea wote."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka mingi nyuma Taasisi ilikuwa na mradi wa sauti. Watu wenye saratani ya koo, waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji ambao ungewaacha bila sauti, waliitwa kwanza wakarekodiwa. Kila mmoja aliachwa peke yake chumbani, akasoma aya moja ileile, kisha akapewa nafasi ya kusema chochote anachotaka. Lengo lilikuwa kwamba siku ikipatikana mashine ya kuwasemea, iwasemee kwa sauti zao wenyewe. Siku hiyo imefika. Mashine ipo, hospitali ya jirani wanayo. Mradi ndio ulioisha muda wake zamani, na watu wake wakatawanyika.

Rekodi zilitunzwa, haki yao wapewe. Zilinakiliwa mara tatu, zikawekwa sehemu tatu, na hakuna hata moja iliyoharibika. Majina yalifutwa kwa makusudi, kama wagonjwa walivyoahidiwa, ikabaki miezi na miaka tu. Kilichosahaulika ni kasi. Mashine ya kurekodia iliundwa na fundi mitambo wa mradi, bwana mmoja waliyemwita Mtambo, kwa vipuri vya hapa na pale, na ilikuwa na mwendo wake yenyewe usiofanana na wa mashine nyingine yoyote. Kompyuta lazima iambiwe mwendo huo ndipo icheze rekodi sawasawa. Hakuna aliyeuandika popote, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa anaujua. Sasa Mtambo ni marehemu, mashine iliuzwa chuma chakavu, na kompyuta ya Mtunza Data, kwa kukosa maelekezo, ilikuwa inacheza kila kitu kwa mwendo wake wa siku zote. Ndiyo maana madereva wa lori walitoka akina dada.

Kukisia kwa sikio kulishindikana. Mtu mzima wa afya ungemrekebisha mpaka asikike kama binadamu, ukaridhika. Hawa wote makoo yao yalikuwa yameshaharibika. Kuna aliyekwaruza, kuna aliyenong'ona, kuna aliyekatika katikati ya neno. Ukimpunguza mwendo anaaminika, ukimwongeza anaaminika vilevile. Na daktari wa ile mashine ya hospitali alishasema wazi kwamba akipewa kasi ya kubuni, atamtengenezea Fundi sauti ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Halafu kulikuwa na Ijumaa. Ijumaa jioni hifadhi ya mradi ilikuwa inafutwa. Mkuu mpya wa Taasisi hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu mafaili yasiyosikilizika yanatunzwa kwa faida ya nani. Leo ilikuwa Jumatano.

Afande alistaafu akiwa mpelelezi wa magari ya wizi, na kesi hii hakupewa na mtu yeyote mwenye cheo. Alipewa na Chiriku. Chiriku ni mjukuu wa Fundi, yuko chekechea, na jina hilo alipewa kwa ajili ya mdomo wake. Anampenda bibi yake kuliko pipi, ila ile sauti ya simu anaiogopa, na ameipa jina: Bwana Bati. Bibi akibonyeza tu, mtoto yuko chini ya meza, na hatoki mpaka ahakikishiwe kuwa Bwana Bati amelala. Kwa hiyo mbele ya mjukuu wake Fundi aliacha kuzungumza kabisa, akabaki na kupiga makofi na kuonyesha kwa mikono.

Jumapili moja Afande alimkuta amekaa kwenye cherehani, anapiga makofi, anapiga tena, anamwita mtoto aliyepita na futi yake ya kupimia nguo. Mtoto alikuwa amegeukia ukuta, amejiviringishia futi kiunoni, anaimba. Hakukusudia ubaya. Makofi kwake yalikuwa makofi tu. Fundi aliacha kupiga, akamwangalia shemeji yake. Afande alitoka pale hana raha, na kesho yake akaanza kuuliza maswali.

Alichotaka Fundi kilikuwa kimoja. Alitaka mjukuu wake amjue.

Kwa hiyo Afande alirudisha hedifoni masikioni. Safari hii hakumsikiliza dereva. Kwenye magari ya wizi alijifunza kwamba ukikodolea macho rangi unapotezwa, kwa sababu rangi ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Unaangalia kile ambacho hakuna aliyekijali. Akafumba macho, akayaacha magodoro yalowe, akasikiliza nyuma ya maneno, kule kwenye ukuta wa chumba.

Kulikuwa na kitu. Tiki, tiki, tiki, kwa mbali na kwa haraka.

Alimuuliza Fundi kama chumba kile kilikuwa na saa. Fundi akaitikia kwa kichwa swali likiwa bado mdomoni, akaandika, na Bwana Bati akasema kwamba saa ilikuwepo, kubwa, ya mbao, ukutani, na kwamba siku ile aliitazama mwanzo mpaka mwisho kwa sababu hakutaka kuufikiria mlango wa upasuaji. Mkono wake ukapanda shingoni kutafuta futi, kama anavyofanya akiwa na wasiwasi, na usiikute. Chiriku alikuwa ameshapita nayo.

Afande alifurahi mno, na alifurahi mapema. Saa, alimweleza Mtunza Data huku akitembea chumbani, ni shahidi asiyepokea rushwa. Kila tiki ni sekunde. Wewe irekebishe kasi mpaka tiki za rekodi zikae kwenye sekunde za kompyuta, biashara imekwisha. Mtunza Data akarekebisha. Tiki zikakaa pale pale zilipotakiwa, na dereva wa lori akazama, akawa anaongea kama ng'ombe aliyeamshwa vibaya. Waliofuata nao wakawa hivyo hivyo, wanawake kwa wanaume.

Fundi akatikisa kichwa. Huyo pia hakuwa yule wa kwenye benchi.

"Labda saa yenyewe ilikuwa mbovu," alisema Mtunza Data, kwa upole wa mtu anayemwonea mzee huruma.

"Au nimemlisha shahidi maneno," alisema Afande. "Mimi ndiye niliyesema tiki ni sekunde. Yeye hakusema. Saa hiyo iko wapi leo?"

Kwanza walidhani iliondoka na vyuma chakavu, na mchana wote ukaishia stoo, kwenye vumbi, wakifungua makabati yenye nyaya na vikombe visivyo na mikono. Walikuwa wamekata tamaa, wanarudi kwa njia ya ukumbini, Fundi mbele yao, aliposimama ghafla mbele ya picha za ukutani. Akagonga kioo cha picha moja kwa ukucha. Ilikuwa sherehe ya kumuaga mkurugenzi wa zamani wa mradi. Mama mmoja mrefu, hana tabasamu, amekumbatia kitu kilichofungwa karatasi ya maua. Karatasi ilikuwa imechanika juu, na pale ilipochanika ilionekana pembe ya mbao iliyochongwa. Macho ya fundi cherehani hayapitwi na kitambaa kilichokaa vibaya, hata kiwe karatasi.

Kesho yake Afande alikwenda peke yake. Mkurugenzi mstaafu aliishi kwenye nyumba yenye maua yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi, yamepangwa kwa urefu, na alimpokea mlangoni bila kumkaribisha. Aliposikia neno saa akanyooka zaidi. Alisema saa hiyo alipewa mbele ya watu, kwa makofi na kwa hotuba ndefu kuliko kawaida, na kama Taasisi imeanza kutuma polisi wastaafu kudai zawadi, basi wamwandikie rasmi. Afande alimwacha amalize. Mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa mara nyingi hana kosa, ana uchungu tu. Kisha akamweleza habari za Fundi, za Chiriku, na za Bwana Bati.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua mlango wote.

Saa ilikuwa jikoni, na ilisikika kabla ya kuonekana. Wajukuu wa Mkurugenzi wakija likizo huwa wanaomba ifungiwe kabatini, kwa kelele zake, na yeye huwaambia wakalale kwao. Afande aliisogelea kwa heshima, mikono nyuma.

"Imewahi kufanyiwa matengenezo?"

"Imetiwa mafuta."

"Tumbo halijabadilishwa? Haijawekwa betri?"

"Betri?" Mkurugenzi alimwangalia kuanzia viatuni. "Mtambo angefufuka."

"Enzi za mradi ilikuwa inakwenda sawa?"

Hapo uso wake ukalainika. Alisimulia kwamba Mtambo aliifunga kwa ufunguo kila Jumatatu, na kila asubuhi aliilinganisha na taarifa ya habari ya redio. Ikipotoka hata kidogo, alikuwa na skrubu yake ndogo chini ya kile kipande cha shaba kinachobembea, anaigusa kama mtu anayempa mtoto dawa ya macho. Wagonjwa walipangiwa muda kwa saa ile, hivyo hakuiachia. Tangu ije jikoni hapa yeye hajaigusa skrubu. Redio ikisema saa moja, nayo inasema saa moja.

Afande akavua saa yake ya mkononi, akaishika chini ya ile kubwa, akatazama. Mshale wa saa yake ulipiga hatua moja, taratibu. Ile ya ukutani ilikuwa imeshagonga na kugonga tena. Akatazama kwa muda, asiamini, na bado ilikuwa hivyo. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa na mwendo wake, ikakusanya zile tiki zake nyingi, na mwisho wa dakika ikafika pamoja na saa nyingine zote.

"Kipande kifupi hubembea haraka," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya mwalimu. "Kirefu ndicho huenda sekunde kwa sekunde. Hamkufundishwa shuleni?"

"Tulifundishwa, Mama. Nadhani siku hiyo nilikuwa naumwa."

Kucheka Mkurugenzi hakucheka, ila alimvutia kiti. Afande aliomba kuirekodi kwa simu, na Mkurugenzi akalichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Alifunga dirisha, akachomoa friji, akatoka nje kumwambia jirani asimamishe kufua, kisha akarudi akasimama kando ya jiko, ameziba mdomo kwa kiganja, mpaka Afande alipoinua kidole kwamba tayari.

Wakati wa kuagana Afande aliuliza, kwa adabu, ilikuwaje mwendo wa mashine usiandikwe popote. Mkurugenzi aliangalia makopo yake ya maua. Alisema walikuwa watu wachache, wanakula meza moja, wanajuana mpaka homa za watoto wao. Ungeanzaje kumwandikia mwenzako kitu ambacho hata anayewapikia chai anakijua? Hawakufikiria kwamba siku moja chumba kitabaki na mafaili tu, bila hata mmoja wao.

"Ikifanya kazi," alisema, ameshika komeo la geti, "muandike na jina la Mtambo."

Ijumaa walikuwa chumbani mapema, wote watatu. Mtunza Data aliweka saa ya jikoni kwenye sikio la kushoto, kutoka kwenye simu ya Afande, na rekodi ya dereva kwenye sikio la kulia. Mwanzoni tiki zilikuwa zinakimbizana, mara hii mbele, mara ile. Akasogeza kasi kidogo kidogo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Zikakaribiana. Zikaanza kugongana. Kisha akavua hedifoni akampa Afande, na Afande alisikia saa moja tu, katikati ya kichwa chake, na mbele yake mwanamume mnene mwenye mikwaruzo akilalamikia magodoro.

Fundi alipopewa zamu yake alipiga makofi kwa furaha. Ndiye. Jitu lile la benchi, na kikohozi chake na kiburi chake.

Mtunza Data hakusubiri. Hapo hapo alianza kuandika, na Afande akasimama nyuma yake akisoma. Aliandika mwendo wenyewe. Aliandika ulivyopatikana, ili mwingine akitaka kuuhakikisha naye aende jikoni kwa Mkurugenzi akasikilize. Akaiweka rekodi ya saa pamoja na mafaili. Akaandika mashine ilivyoundwa na kwa mikono ya nani, na jina la Mtambo likakaa juu. Afande alimwambia asitumie ufupisho wowote, aandike kama anamwandikia mtu asiyewajua kabisa, atakayekuja wao hawapo. Kisha akayaweka maelezo hayo ndani ya nakala zote tatu, si kwenye meza yake peke yake. Mkuu mpya aliitwa, akasikiliza dereva kidogo, akasema hifadhi haifutwi tena, na akauliza kama kisa cha magodoro kina mwisho. Mtunza Data akaizima rekodi. Mgonjwa ana siri zake.

Ikabaki kazi iliyowaleta. Wanawake wa mwezi aliorekodiwa Fundi hawakuwa wengi. Walisikiliza mmoja mmoja ile aya ya kusoma, na Fundi kila mara akatikisa kichwa. Kwa wa mwanzo Afande alikubaliana naye. Halafu ikaja moja yenye mikwaruzo kama wengine, inasoma polepole, inaudhika na kila alama ya koma.

Afande safari hii hakuinua mkono. Aliushika kwa mkono mwingine. Kwa muda alimwona kaka yake amesimama mlangoni, anamfanyia ishara avue viatu kabla hajasikika.

"Shemeji," alisema. "Ni wewe."

Fundi akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaandika, na Bwana Bati akasema: "Sauti yangu haikuwa mbaya hivyo."

Mtunza Data alikuwa kwenye mtihani. Alimpenda Afande, lakini hakuweza kutoa rekodi ya mgonjwa kwa neno la mtu aliyemfananisha shemeji yake na dereva wa lori juzi tu. Akasema hivyo, kwa maneno mazuri zaidi. Lazima ipatikane alama ambayo ni ya Fundi peke yake, na mwenyewe aikubali. Aya ikaisha. Kikafuata kimya, na tiki za saa, maana mwenye sauti alikuwa ameambiwa aseme chochote na chochote kilikuwa hakiji. Kisha akasema.

Mkono wa Fundi ukapanda shingoni na kubaki hapo. Afande, aliyekuwa anasikia hayo hayo, aligeuza uso kuelekea dirishani, na miaka yake yote ya polisi haikumsaidia kitu. Fundi akavua hedifoni. Alikuwa analia na mabega yanamcheza kwa wakati mmoja. Akaonyesha mlango kwa kidole.

Nje, kwenye benchi, binti yake alikuwa anasubiri. Ni mwalimu, alikuwa ametoka kazini akampitia Chiriku chekechea, na vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye sketi. Afande alimfungulia. "Baba Mdogo, mmempata?" aliuliza, na Afande akamsogeza tu ndani kwa bega. Fundi kwa kiherehere akajisahau, akabonyeza simu. Bwana Bati akasema: "Ingieni."

Chiriku akapotea. Walichoona ni kisigino kinaingia chini ya meza, kati ya nyaya na miguu ya viti, na baada ya kisigino mkia wa futi ya njano, ukiburuzwa.

Mama yake alitaka kuinama amtoe. Fundi akamzuia kwa kiganja. Akaichukua simu, akaizima kabisa, akaiweka mezani kifudifudi. Kisha akamtazama Mtunza Data, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni yeye, yuko radhi.

Mtunza Data akachomoa waya wa hedifoni, sauti ikatoka kwenye spika. Kwanza tiki za saa. Mtu akashusha pumzi. Halafu, kwa mikwaruzo, kwa hasira isiyo na hasira, mwanamke aliyekosa la kusema siku yake ya mwisho ya kusema alisema kile alichokuwa anasema kila siku:

"Nani kapita na futi yangu? Eh? Nauliza mara moja tu. Nikigeuka niikute hapa."

Binti yake, mtu mzima, mwalimu, mama wa mtoto, aliingiza mkono mfukoni mwa sketi haraka, akapapasa. Mfuko ulikuwa na chaki. Alibaki ameushika hivyo hivyo. "Mama," alisema. "Jamani, Mama."

Chini ya meza nyaya zikacheza. Kisha kiti kikasogezwa, kikatokea kichwa, halafu bega, halafu Chiriku mzima na vumbi magotini. Hakutazama spika. Alimtazama bibi yake, mdomo wake, shingo yake, yule yule aliyemzoea. Akaikunja futi vizuri alivyoweza, ikakataa, akaikunja tena, akaenda kumwekea mapajani.

"Sikuiba, Bibi," alisema. "Nilikuwa napima meza."

Fundi alimpandisha mapajani, futi na vumbi na vyote, akamshika uso kwa mikono miwili. Mtoto akamsogelea sikioni, kama anayemwambia siri.

"Sema tena."

Mtunza Data akarudisha nyuma kidogo.